Risiva mrefu au mfupi? Tuelewane kuhusu urefu kwenye futiboli ya Marekani

Kila ikifika mwezi wa nne ubishi unaanza upya. Timu za NFL, ile ligi kubwa ya futiboli ya Marekani, zinafanya drafti, yaani zinapokezana kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na timu ikichukua risiva, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa, mwenye futi 5 na inchi 9 utasikia tu, "mfupi vile atadaka nini mbele ya mabeki wa NFL?" Akichukuliwa wa futi 6 na inchi 5 watu wanashangilia kabla hata hawajamwona akikimbia. Alafu anatokea mtu anasema urefu sio kitu, mwangalie Steve Smith, wa upande wa pili anajibu mwangalie Calvin Johnson, na hapo mjadala unakuwa wa kutajiana majina mpaka watu wanaenda kulala.

Shida ni kwamba majina yapo ya kutosha kila upande. Tangu 1970 mpaka msimu wa 2024, ni marisiva watano tu walioongoza ligi kwa vitu vyote vitatu ndani ya msimu mmoja, mipira waliyodaka, yadi walizopata na tachidauni, ambazo ndio kama mabao ya huu mchezo. Ni Jerry Rice 1990, Sterling Sharpe 1992, Steve Smith 2005, Cooper Kupp 2021 na Ja'Marr Chase 2024. Hakuna hata mmoja hapo aliyezidi futi 6 na inchi 2, na Smith alikuwa na 5 na 9 tu. Mtu akikuonyesha hiyo orodha unasema basi, kesi imekwisha. Sasa chukua rekodi za msimu mmoja, moja moja. Yadi nyingi kuliko wote ni Calvin Johnson, 1,964 mwaka 2012, futi 6 na inchi 5. Tachidauni nyingi ni Randy Moss, 23 mwaka 2007, futi 6 na inchi 4. Mipira mingi ni Michael Thomas, 149 mwaka 2019, futi 6 na inchi 3. Warefu watupu.

Kwa hiyo ukiuliza "urefu una maana au hauna" hutapata jibu, utazunguka tu. Jibu linapatikana ukiuliza urefu unamfanyia risiva kazi gani, wapi, na usipokuwepo nini kinaziba pengo lake.

Kwanza, risiva anafanya nini

Kwa ambaye haufuatilii sana huu mchezo, uwanja una yadi 100, kama mita 91, na kila mwisho kuna eneo la yadi 10. Upana ni kama mita 49. Timu inayoshambulia inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, wakiweza wanapewa nne nyingine. Kwotabeki ndiye mrushaji. Risiva ndiye anayekimbia kwenda kuupokea huo mpira, na anayemganda mgongoni kumzuia anaitwa konabeki. Risiva akidaka ndani ya lile eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6.

Kitu ambacho kwenye TV hakionekani vizuri ni kwamba risiva hakimbii ovyo. Kila mara anakuwa na njia aliyopangiwa, akimbie hatua kadhaa akate ndani, au asimame ghafla ageuke, au anyooke moja kwa moja mpaka mwisho. Na kwotabeki mara nyingi anaurusha mpira kabla risiva hajageuka kumwangalia, anaurusha pale ambapo risiva anatakiwa awe. Umewahi kuona vijana wanavyopandisha matofali ghorofani? Wa chini hasubiri wa juu amwangalie, anarusha akijua mikono ya mwenzie itakuwa wapi. Ndio hivyo hivyo, ila huku kuna mtu mwingine anasukumana na wewe akitaka lile tofali.

Kwa hiyo kazi ya risiva kwa neno moja ni nafasi. Ule uwazi kati yake na konabeki pale mpira unapofika. Akiwa na uwazi wa hatua mbili, hata mrushaji wa kawaida anamfikishia. Akiwa hana, inabidi mpira urushwe kwa ustadi mkubwa sana au risiva aupiganie. Na nafasi iko ya aina mbili. Kuna nafasi ya chini, ile unayoipata kwa miguu, unamwacha mtu nyuma au pembeni. Na kuna nafasi ya juu, ile ambayo konabeki yuko hapo hapo kakugandia lakini mpira unapita mahali ambapo mikono yake haifiki na yako inafika. Urefu ni silaha ya nafasi ya juu. Ukishalielewa hilo nusu ya ubishi inaisha, kwa sababu wanaobishana mara nyingi mmoja anaongelea nafasi ya chini mwingine ya juu na hawajui.

Mwembe na watoto wawili

Watoto wawili wako chini ya mwembe, hawana fimbo, kuna embe moja limening'inia. Nani atalipata? Utasema yule mrefu. Mimi ntauliza kwanza mikono yake ikoje, anaruka kiasi gani, na anaruka saa ngapi. Maana embe halichumwi na kichwa, linachumwa na vidole. Kuna watu wana urefu wa kawaida lakini mikono inafika mbali, na kuna warefu ambao urefu wote uko shingoni na kiwiliwili.

Tuweke namba. Tofauti kati ya futi 5 na inchi 9 na futi 6 na inchi 5 ni inchi 8, kama sentimita 20. Ni nyingi, siwezi kukataa. Lakini kwenye majaribio ya vijana yanayofanyika Indianapolis kabla ya drafti, wapo marisiva wanaoruka wima inchi 30 na wapo wanaopita 40. Hiyo ni tofauti ya inchi 10. Yaani kuruka peke yake kunaweza kula faida yote ya urefu na ikabaki chenji. Ndio maana pale Indianapolis hawaishii kupima kimo. Wanakupima bila viatu, tena kwa vipande vya inchi iliyogawanywa mara nane, ndio maana kwenye karatasi zao mtu wa futi 6 na inchi 3 na vipande vitatu anaandikwa 6033. Alafu wanapima urefu wa mkono, upana wa mikono yote ukiinyoosha, na ukubwa wa kiganja kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Pia hapo ndipo vimo vingi vya vyuoni vinapopungua, maana vyuo vinapenda kuwaongezea vijana wao inchi moja mbili kwenye vitabu vyao.

Kiganja ni kitu kinachosahaulika sana kwenye huu mjadala. Odell Beckham Jr. ana futi 5 na inchi 11, yaani kwa marisiva ni wa kati kuelekea kwa wafupi, lakini kiganja chake kilipimwa inchi 10. Ule mpira aliodaka kwa mkono mmoja dhidi ya Dallas mwezi wa 11 mwaka 2014, akianguka kinyumenyume, hakuudaka kwa urefu. Aliudaka kwa vidole, kwa kuruka, na kwa kujua aruke sekunde gani.

Na hilo la sekunde gani ndilo mashabiki wa soka wanaweza kulielewa haraka zaidi. Mnamkumbuka Tim Cahill wa Everton? Sentimita 178 tu, lakini mipira ya vichwa alikuwa anafunga mbele ya mabeki waliomzidi kichwa kizima. Alikuwa anaruka kabla yao, akifika juu wao ndio kwanza wanakunja magoti. Risiva mwenye huo uwezo anakuwa mrefu kwa ile nusu sekunde inayohitajika.

Sasa mifano ya pande zote mbili ili tusipendelee. Mwaka 2015 mwezi wa pili, fainali ya Super Bowl, Seattle na New England. Seattle walikuwa na risiva anaitwa Chris Matthews, futi 6 na inchi 5, kijana ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa amedaka hata mpira mmoja kwenye NFL. New England wakamwekea Kyle Arrington, futi 5 na inchi 10. Matthews akadaka mipira minne, yadi 109, na tachidauni moja juu. Arrington alikuwa hafanyi makosa makubwa, alikuwa pale pale, mpira tu ulikuwa unapita juu yake. Baadae kocha akambadilisha, akampeleka Brandon Browner, konabeki wa futi 6 na inchi 4, na Matthews akapotea kabisa. Hapo urefu ulikuwa kila kitu, ulipokuwa upande mmoja, na ulipolingana pande zote ukaacha kuwa kitu. Hii mechi mimi huwa nairudia sana nikiongea na watu kwa sababu inaonyesha kwamba urefu ni tofauti kati ya watu wawili. Unampima mtu na anayemkaba.

Upande wa pili, mwezi wa 11 mwaka 2020, Arizona na Buffalo. Zimebaki sekunde chache, Kyler Murray anakimbizwa pembeni anaurusha mpira yadi 43 juu kabisa, na DeAndre Hopkins anaudaka kwenye eneo la mwisho akiwa amezungukwa na mabeki watatu wa Buffalo wanaoruka pamoja naye. Arizona wakashinda 32 kwa 30. Hopkins ana futi 6 na inchi 1. Hakuwazidi wale watatu kwa kitu cha kutisha, kama inchi moja au mbili. Alichowazidi ni mikono mirefu, viganja vikubwa na kule kung'ang'ania mpira ukishamgusa vidole.

Urefu nao una gharama

Hii ndio sehemu ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa, wanaona urefu ni faida isiyo na hasara, kama pesa.

Muangalie dereva wa Fuso iliyobeba mzigo na dereva wa bodaboda wakifika kwenye kona kali kwa mwendo mmoja. Bodaboda anapunguza kidogo, analala, amepita. Fuso lazima aanze kufikiria breki mita nyingi kabla. Risiva mrefu ana miguu mirefu na kiuno kiko juu, akitaka kusimama ghafla na kugeuka inabidi kwanza akishushe chini, na kukishusha kunachukua hatua zaidi. Hatua moja ya ziada kwenye futiboli ya Marekani ni kubwa mno, konabeki anaiona, anajua unasimama, anakuwahi. Mfupi anasimama kwa hatua mbili na konabeki anapitiliza.

Mfano mzuri ni DK Metcalf. Kijana wa futi 6 na inchi 3 na vipande, kilo 103, mwaka 2019 pale Indianapolis alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33, watu wakachanganyikiwa. Alafu wakampa jaribio la kukata na kuzunguka koni tatu, akapata sekunde 7.38, muda mbovu kwa risiva. Timu zikaogopa na akasubiri mpaka namba 64. Ligi nzima iliona ile kasi na iliona ile shida ya kugeuka, na zote mbili zilikuwa za kweli. Seattle waliomchukua walifanya jambo la busara, mwanzoni wakampa zaidi njia za kunyooka ambazo hazihitaji kugeuka sana. Mwili wake wakautumia kwa kazi unayoiweza.

Kwa hiyo warefu ambao wanaweza kugeuka kama wafupi ni wachache sana duniani, na ndio maana Calvin Johnson na Moss walitisha vile. Wao hawakuwa wazuri kwa sababu ni warefu. Walikuwa wanakimbia na kukata kama watu wa futi 5 na inchi 11, alafu juu ya hapo ni warefu. Ukimwona kijana wa futi 6 na inchi 5 chuoni usikimbilie kusema huyu ni Megatron mwingine, jina la utani la Calvin Johnson, kwanza angalia miguu.

Pale uwanjani wanaposimama

Neno risiva linafunika kazi kama tatu tofauti. Yupo anayesimama pembeni kabisa ya uwanja, kwenye mstari wenyewe ambapo mchezo unaanzia, konabeki yuko usoni kwake na anaruhusiwa kumsukuma mwanzoni. Huyu anahitaji mwili, nguvu za mikono, na urefu unamsaidia kwa sababu mara nyingi anabaki peke yake na mtu mmoja. Yupo wa upande mwingine ambaye anasimama nyuma kidogo ya mstari, ana nafasi ya kuanza kukimbia kabla hajaguswa. Na yupo wa sloti, anayesimama katikati kati ya wale wa pembeni na wale wanene wa mstari wa mbele, yeye anapita kwenye msongamano, anakata kushoto kulia, na hapo wepesi wa miguu ndio mali.

Ndio ikazaliwa ile imani kwamba mfupi ni wa sloti na mrefu ni wa pembeni. Kama mazoea sawa, kama sheria hapana. Steve Smith na Antonio Brown, wafupi wote, walikula pembeni miaka mingi mbele ya makonabeki bora. Brown mwaka 2018 aliongoza ligi kwa tachidauni za kudaka, 15, akiwa na futi 5 na inchi 10, na tachidauni ndio kitu ambacho wote huwa wanasema kinataka mrefu. Na upande wa sloti, Marques Colston wa New Orleans alikuwa na futi 6 na inchi 4 na alitesa sana pale katikati, kwa sababu alikuwa anakabwa na mabeki wadogo waliowekwa kukimbizana na wafupi.

Hata hivyo, kuna mahali nakubali bila kubishana kwamba urefu unalipa, zile yadi 20 za mwisho. Uwanja unakuwa umebana, nyuma hakuna pa kukimbilia, kasi haina kazi sana kwa sababu hakuna umbali. Nafasi ya chini inakauka, inabaki ya juu. Lakini hata hapo timu nyingi siku hizi zinatumia taiti endi, yule mtu mkubwa anayezuia na kudaka vile vile, kina Rob Gronkowski wa futi 6 na inchi 6 na Travis Kelce wa 6 na 5. Ukishakuwa na mtu kama huyo kwenye timu, haja ya kutafuta risiva mrefu kwa ajili ya kazi hiyo inapungua. Urefu timu inaununua mara moja, inaweza kuununua kwa mtu mwingine.

Sheria nazo zilibadilisha bei

Wazee waliofuatilia zamani watakwambia marisiva wadogo walikuwa wanapigwa uwanja mzima. Ni kweli. Zamani konabeki aliweza kumgonga na kumsukuma risiva karibu njia nzima mpira usiporushwa. Mwaka 1978 ligi ikaweka kwamba kumgusa ni ndani ya yadi 5 za mwanzo tu. Sheria ikawepo lakini marefa walikuwa wanailegeza, mpaka ile nusu fainali ya mwanzoni mwa 2004 ambapo New England waliwabana na kuwavuta marisiva wa Indianapolis mchana kutwa na wakashinda 24 kwa 14. Malalamiko yakawa makubwa na msimu uliofuata marefa wakaambiwa sheria isimamiwe kweli.

Matokeo yake? Msimu huo huo wa 2004 Peyton Manning wa Indianapolis akarusha tachidauni 49, rekodi wakati huo, na marisiva wake watatu, Marvin Harrison, Reggie Wayne na Brandon Stokley, kila mmoja akapita yadi 1,000 na tachidauni 10 au zaidi. Wote ni watu wa futi 6 hivi. Hawakuongezeka kimo, walichoongezewa ni ruhusa ya kukimbia bila kushikwa. Mtu anayekwambia leo risiva lazima awe na mwili wa kupambana anaongelea mchezo wa miaka ya 70.

Kwa nini takwimu zinakudanganya

Hapa naomba uvumilie kidogo kwa sababu ndipo mahali hata watu makini wanapotea.

Ukichukua marisiva wote walioko NFL sasa ukalinganisha vimo vyao na yadi zao, utaona urefu hauelezi mambo mengi, wafupi wanafanya vizuri na warefu wanafanya vizuri. Mtu anahitimisha urefu hauna maana. Sasa fikiria darasa la uhandisi chuo kikuu, mwaka wa pili. Kuna kijana katoka shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima, na kuna mwenzie katoka shule ya kulipia yenye maabara na kila kitu. Wakifanya mtihani wanalingana, au yule wa kata anaongoza. Utasema shule nzuri haisaidii? Hapana. Yule wa kata kafika hapo kwa kupita kwenye chujio kali zaidi, wenzie wengi wa shule yake hawapo darasani, wewe huwaoni. Aliyefika lazima alikuwa na kitu cha ziada.

Risiva mfupi ni huyo kijana wa kata. Antonio Brown alichaguliwa namba 195 mwaka 2010. Julian Edelman, ambaye chuoni alikuwa kwotabeki, namba 232 mwaka 2009, baadae akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Wes Welker, futi 5 na inchi 9, hakuchaguliwa kabisa mwaka 2004, alafu akaja kudaka mipira zaidi ya 100 kwenye misimu mitano. Kila mmoja wao alibaki kwa sababu kitu kingine kilikuwa kikubwa mno, wepesi, au mikono, au akili ya kusoma beki. Wafupi wasiokuwa na hicho kitu hawakufika, na hao ndio wengi.

Kutokana na hilo kuna jambo la vitendo kwa anayechagua. Kama kijana wa futi 5 na inchi 10 amefika juu kwenye orodha yako, tayari ameshakatwa bei kwa sababu ya kimo chake, na watu wa vyuoni na maskauti, yaani watafuta vipaji, wote waliopita kabla yako. Ukimkata tena unamtoza kodi mara mbili. Na mrefu kinyume chake, ameshaongezewa bei njia nzima toka akiwa mtoto, wewe kazi yako ni kuitoa hiyo nyongeza uone kinachobaki.

Detroit walilipa sana kwa hili. Mwaka 2003 walichukua Charles Rogers namba 2, mwaka 2004 Roy Williams namba 7, mwaka 2005 Mike Williams namba 10. Marisiva watatu wakubwa, miaka mitatu mfululizo, raundi ya kwanza. Rogers alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, mara mbili, hiyo ni bahati mbaya na si haki kumlaumu kwa hilo. Roy Williams alikuwa na msimu mzuri wa yadi 1,310 mwaka 2006. Mike Williams, futi 6 na inchi 5, alikuwa na mwili wa picha lakini hakuweza kuwaacha makonabeki, na namba 11, yaani baada yake tu, Dallas walimchukua DeMarcus Ware ambaye leo yuko kwenye Jumba la Heshima la futiboli. Alafu mwaka 2007 Detroit hao hao wakachukua risiva mrefu tena, namba 2, na akawa Calvin Johnson. Timu ile ile, umbo lile lile, majibu tofauti kama usiku na mchana. Na hata Calvin naye mwaka 2008 alikuwemo kwenye timu iliyopoteza mechi 16 kati ya 16, kwa hiyo tusifikiri risiva peke yake anabeba timu.

Mtihani mwingine mzuri ni drafti ya 2023, kwa sababu marisiva wanne walichaguliwa mfululizo, namba 20, 21, 22 na 23. Jaxon Smith-Njigba wa futi 6, Quentin Johnston mwenye karibu futi 6 na inchi 3, Zay Flowers wa 5 na 9, na Jordan Addison wa 5 na 11. Mwaka wa kwanza Addison akapata yadi 911 na tachidauni 10, Flowers yadi 858, Smith-Njigba 628, na Johnston, mrefu kuliko wote, 431, na shida yake kubwa ilikuwa mipira kumponyoka mikononi. Mwaka wa pili Smith-Njigba na Flowers wakapita yadi 1,000, na Johnston naye akapanda mpaka 711 na tachidauni 8. Kabla hujaruka na kusema "umeona, warefu hovyo", nikupeleke 2020. Namba 21 Philadelphia walichukua Jalen Reagor, futi 5 na inchi 11, namba 22 Minnesota wakachukua Justin Jefferson, 6 na 1. Mwaka wa kwanza Reagor yadi 396, Jefferson 1,400. Hapo mrefu ndiye aliyekuwa bora, lakini ukimwangalia Jefferson anavyokata utaelewa zile inchi mbili hazikuhusika.

Ufupi na udogo ni vitu viwili

Kabla sijamaliza, hili linachanganywa kila siku. Mtu akisema "risiva mdogo" sijui kama anamaanisha kimo au uzito. Steve Smith alikuwa mfupi lakini hakuwa mdogo, alikuwa na mabega na nguvu za kuwaburuza mabeki. DeVonta Smith wa Philadelphia ni kinyume, futi 6 ambayo ni kimo cha kawaida kabisa, lakini mwembamba, kilo 77 hivi, na waliomwogopa kabla ya drafti ya 2021 walikuwa wanaongelea uzito. Alichaguliwa namba 10 na amecheza vizuri sana. A.J. Brown, ambaye alisoma chuo kimoja na Metcalf, ana futi 6 na inchi 1 na kilo 102, ni mfupi kwa Metcalf lakini kumwangusha akishashika mpira ni kazi ile ile. Kwa kubanwa pale kwenye mstari, uzito na mikono vinasaidia zaidi ya kimo. Kwa mpira wa juu, kimo na mkono. Ukiviweka vyote kwenye neno moja la "mwili" unapoteza maana.

Super Bowl ijayo, ambayo kwetu Afrika Mashariki inaanza kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, jaribu hivi. Mpira ukianza usimfuate kwotabeki kama kamera inavyotaka, chagua risiva mmoja, uangalie kiuno chake kwenye zile hatua tatu kabla hajakata. Kikishuka kimya kimya bila mabega kuyumba, konabeki anapitiliza, na utaona uwazi umeshafunguka pale kabla mpira haujatoka mkononi kwa mrushaji.